Anayetoka katika kanisa la uamsho hajamwacha Mungu

Jambo moja linaonekana sasa katika parokia nyingi za mashariki mwa nchi yetu. Siku ya Mungu mtu anaingia kimya, anaketi kwenye benchi ya nyuma, na ibada ikiisha anatoka kabla ya kusalimiana. Ukimfuata na kuongea naye polepole, atakueleza kwamba alikuwa muombezi au mwanakwaya katika kanisa la uamsho au katika chumba cha maombi, miaka mitano, kumi, wakati mwingine zaidi. Alianza kujiuliza maswali. Aliambiwa anyamaze. Mwishoni akatoka.

Sisi tunampokea namna gani? Wengine wanamcheka: «Si tulikuambia?» Wengine wanamwogopa, kwa sababu wanaona mwenye maswali kuwa mwenye roho ya uasi. Makala hii inataka kueleza maswali hayo yanatoka wapi, kutoka kunamgharimu mtu nini, na kanisa linaweza kumsaidiaje. Tunalosema ni moja: kupima mafundisho ni kazi ya mwamini. Anayepima kwa moyo safi hajamwacha Mungu. Lakini tukimpokea vibaya, anaweza kumwacha kweli.

Tusichanganye mambo

Kwanza tutofautishe. Wapentekoste si wageni kwetu. Wamisionari wa Sweden na wa Norway walifika Kivu ya Kusini katika miaka ya 1920, na kutoka kazi yao zimezaliwa jumuiya kama CEPAC na CELPA, ambazo ni ndugu zetu ndani ya Kanisa la Kristo katika Kongo. Wana shule, hospitali, wazee wa kanisa, na utaratibu wa kuhesabu matoleo. Wanaamini karama za Roho, na wengi wao wamepima mafundisho mabaya kabla yetu.

Pili, kuna vikundi vya maombi ndani ya makanisa ya zamani. Vingi vimeleta uhai mahali ambapo ibada ilikuwa imepoa.

Tatu, kuna makanisa ya kujitegemea na vyumba vya maombi ambavyo viliongezeka sana baada ya mwaka 1990, wakati utawala wa chama kimoja ulipofunguka, kisha vita na kuhamahama vikatufikia. Hapo mara nyingi mtu mmoja ndiye mwanzilishi, mhubiri, nabii, na mwenye kushika pesa. Wengi wanaotoka wanatoka huko. Lakini tusijidanganye: mafundisho hayana ukuta. Yamepitia redio, kaseti, televisheni, na leo simu, na yanasikika hata kwenye mimbari zetu.

Mafundisho haya yalitoka wapi?

Uamsho wa Kipentekoste uliojulikana duniani ulianza mwaka 1906 kwenye mtaa wa Azusa, mjini Los Angeles, chini ya William Seymour, mhubiri mweusi ambaye wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani. Katika nyumba ile maskini na matajiri, weusi na weupe, walipiga magoti pamoja. Hakuna aliyepanga bei ya baraka.

Fundisho la mafanikio lilikuja kwa njia nyingine. Katika Marekani, E. W. Kenyon, aliyefariki mwaka 1948, alifundisha kwamba mwamini anapokea kile anachokiri kwa kinywa chake. Kenneth Hagin alieneza fundisho hilo kwa vitabu na kwa shule ya Biblia. Oral Roberts alizoesha watu neno «mbegu»: unatoa pesa, unangojea mavuno. Kutoka huko likapita kwa wahubiri wa Nigeria na wa nchi nyingine za Afrika, likafika kwetu.

Kwa nini lilipata udongo mzuri hapa? Kwa sababu mahitaji yetu ni ya kweli. Mgonjwa anafika hospitali na anaombwa pesa kabla ya kuangaliwa. Mwalimu anakaa miezi bila mshahara. Familia imekimbia kijiji mara tatu. Mtu wa namna hii akisikia kwamba Mungu anataka kumponya na kumwinua leo, anasimama asikilize. Na tuseme ukweli: wengi walienda kule kwa sababu kwetu hakuna aliyewatembelea walipokuwa wagonjwa.

Mpwa wa mhubiri mkubwa

Mfano mmoja unajulikana duniani. Costi Hinn ni mpwa wa Benny Hinn, mhubiri wa uponyaji ambaye wengi wetu tumemwona kwenye televisheni. Kijana huyu alifanya kazi na mjomba wake, na mwenyewe ameandika kwamba walisafiri kwa ndege ya binafsi na kulala katika hoteli za bei kali. Aliona pia wagonjwa waliokuja wakiwa na matumaini, wakarudi na ugonjwa wao.

Maswali yalianza nyumbani. Mke wake hakusema kwa lugha, na watu walimsukuma sana. Mke akamwonyesha 1 Wakorinto 12:30, mahali ambapo Paulo anauliza kama wote wanasema kwa lugha, na jibu linaloonekana wazi ni kwamba si wote. Baadaye, akiwa mchungaji kijana katika California, alipewa kuhubiri Yohana 5. Pale kwenye birika wagonjwa walikuwa wengi, Yesu akamponya mmoja. Mtu huyo hakutoa kitu, hakukiri kitu, hata hakujua aliyemponya ni nani. Costi Hinn anasema siku ile alilia. Alikuwa amefundishwa kwamba uponyaji unategemea imani ya mgonjwa na mbegu yake, na hapa Yesu aliponya bila moja wala nyingine. Alieleza habari hiyo hadharani mwaka 2017, kisha akaandika kitabu mwaka 2019.

Tuangalie kilichomtoa: ni Biblia. Hakutoka kwa kufuata dunia. Ndivyo ilivyo kwa wengi wanaokuja kwenye benchi zetu za nyuma.

Maswali manne wanayouliza

Swali la kwanza ni la ugonjwa. Walifundishwa kwamba mwenye imani haugui, na akiugua, dawa ni alama ya mashaka. Lakini Paulo alimwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto (2 Timoteo 4:20). Alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timoteo 5:23). Yeye mwenyewe aliomba mara tatu juu ya mwiba wake, na jibu la Bwana lilikuwa neema, si kuondolewa kwa mwiba (2 Wakorinto 12). Na Luka, mwandishi wa Injili, alikuwa mganga. Mungu anaponya, tumeona na tunashuhudia. Lakini hajawahi kuamuru mtu atupe vidonge ili amthibitishie imani.

Hapa naomba ruhusa niseme habari yangu. Nilikaa miaka sita katika kikundi cha maombi, nikawa kati ya waombezi. Dada yangu mkubwa alikuwa na ugonjwa wa sukari. Baada ya maombi ya siku tatu kiongozi alitangaza kwamba amepona, asirudi tena kutafuta dawa. Dada alisita. Aliyemwendea nyumbani kumwambia «Yaya, usimvunje Mungu moyo» ni mimi. Miezi michache baadaye kidonda cha mguu kilioza. Majirani walimbeba hospitali, waganga wakaokoa maisha yake, lakini mguu ulikatwa. Nilipomuuliza kiongozi, alijibu kwamba dada alikosa imani. Nilijua hilo si kweli. Imani yake ndiyo iliyomfanya atusikilize.

Wakati wa Ebola, kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikufa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Makanisa mengi yaliweka ndoo za kunawa mlangoni na kuacha kupeana mikono, huku maombi yakiendelea. Tulijifunza kwa uchungu kwamba sabuni na sala hazigombani. Somo hilo linafaa pia kwa sukari, kifua kikuu, Ukimwi na kifafa.

Swali la pili ni la mbegu. Mama anauza unga wake, anapeleka pesa ya masomo ya watoto, kwa sababu ameahidiwa mara mia. Mavuno hayafiki, anaambiwa mbegu ilikuwa ndogo. Hapa wengi wanasoma tena 2 Wakorinto 8 na 9, sura ambazo zinatumiwa sana kwa jambo hili, na wanashangaa. Paulo alikuwa anachangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuwa anajichangishia mwenyewe. Tena alitaka ndugu waliochaguliwa na makanisa waifuatane pesa, ili asilaumiwe na mtu (8:19-21). Na kabla ya Yesu kumtazama mjane akitoa senti zake mbili, alikuwa amewakemea walimu wanaokula nyumba za wajane (Marko 12:40).

Wahubiri wenyewe wamelikubali kosa hili. Jim Bakker, mhubiri wa televisheni aliyehukumiwa kwa udanganyifu wa pesa mwaka 1989, aliandika mwaka 1996 kwamba aliposoma Biblia yote gerezani alitambua kuwa alifundisha vibaya juu ya utajiri. Hagin, mwaka 2000, alitoa kitabu cha kuonya juu ya kupita kiasi katika jambo la pesa. Mwaka 2019 Benny Hinn alisema hadharani kwamba Injili haiuzwi. Na wanateolojia Waafrika wa vuguvugu la Lausanne, waliokutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009, walikubali nguvu za Mungu na kazi ya Roho, lakini wakakataa fundisho kwamba umaskini na ugonjwa daima ni alama ya laana au ya kukosa imani.

Swali la tatu ni la unabii. Nabii alisema utaolewa kabla ya mwaka kuisha, mwaka ukaisha. Alisema safari ya Ulaya imefunguka, pesa ya pasipoti ikaliwa. Je, mtu anaruhusiwa kusema unabii haukutimia? Biblia inajibu ndiyo. Kumbukumbu la Torati 18:22 inatoa kipimo hicho hicho. Paulo anataka manabii waseme wawili au watatu na wengine wapime (1 Wakorinto 14:29). Katika 1 Watesalonika 5:20-21 mambo mawili yanakaa pamoja: tusiudharau unabii, na tupime yote. Asiyekubali kupimwa amejiweka juu ya mitume, kwa maana watu wa Beroya walipima hata mahubiri ya Paulo, na Luka anawasifu (Matendo 17:11).

Swali la nne ni zito kuliko yote: uchawi. Mtoto anakojoa kitandani, au ana kifafa, au amebaki yatima kwa shangazi asiye na chakula cha kutosha. Nabii anasema ndiye anayefunga baraka za nyumba. Anafungwa, anafungishwa chakula, anapigwa ili «afunguliwe». Wajane wazee pia wanatajwa, na wengine wameuawa na watu wenye hasira. Wanafunzi walipouliza ni dhambi ya nani iliyomfanya kipofu azaliwe hivyo, Yesu alikataa swali lenyewe (Yohana 9:3). Sheria ya nchi pia iko wazi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu jambo hilo. Anayemtaja mtoto kuwa mchawi madhabahuni anavunja sheria, hata akiwa ameshika Biblia.

Kutoka kunagharimu nini?

Tusifikiri ni rahisi. Kanisa lile lilikuwa pia familia yake. Likelemba yake iko huko, kwaya yake iko huko, waliomlilia mama yake kwenye kilio wako huko. Akitoka, simu zinanyamaza. Wengine wanaamriwa wasimsalimie.

Halafu kuna hofu. Aliambiwa kwamba akitoka chini ya «kifuniko» cha mtumishi, ajali na magonjwa vitamfuata. Basi mtoto akipata homa tu, usiku ule halali. Anajiuliza: je, ni laana? Na kama Mungu alikuwa hayumo katika yale yote, je, siku nilipolia kwa furaha mbele zake ilikuwa uongo?

Tena kuna mstari anaokumbushwa kila siku, kwamba asiwaguse watiwa mafuta wa Bwana. Mstari huo uko katika Zaburi 105:15. Tusome zaburi yote. Inawasema Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache wasio na mlinzi, na wanaoonywa ni wafalme wenye nguvu wasiwadhuru. Ni mstari wa kumlinda mnyonge. Daudi naye, aliyekataa kumuua Sauli, hakunyamaza. Alisimama nje ya pango, akamwambia mfalme kosa lake mbele ya jeshi lake, akamwita Mungu awe mwamuzi kati yao (1 Samweli 24). Kutomdhuru mtu ni jambo moja. Kunyamazia makosa yake ni jambo lingine.

Wengine wakitoka wanatupa yote: sala, Biblia, na Kristo mwenyewe. Wanasema wachungaji wote ni wezi. Hasira hiyo inaeleweka, lakini inamwacha mtu peke yake. Hapa ndipo kazi yetu inaanza.

Kanisa lifanye nini?

Tumsikilize kabla ya kumfundisha. Asiombwe kutoa ushuhuda mbele ya watu siku ya kwanza, na asigeuzwe silaha ya kuwapiga wale aliowaacha. Mama yake na rafiki zake bado wanasali kule.

Tusimpe kazi haraka. Aliyekesha miaka mingi akiombea wengine anahitaji kuketi, kula Neno, na kulala usiku. Mpe mtu mmoja wa kumtembelea, mzee au mama mwenye hekima, asiyeshangaa akisikia maneno makali.

Tumsindikize kituo cha afya kama aliacha dawa. Asikemewe pale mlangoni. Mganga aelezwe ukweli wote, ili ajue muda aliokaa bila matibabu. Kama kuna mtoto aliyetajwa kuwa mchawi, usalama wake utangulie kila mazungumzo.

Tumsaidie kuchagua cha kuacha na cha kushika. Mlevi wa maombi ya hofu anaweza kubaki mtu wa maombi ya furaha. Kufunga, kukesha, kuimba kwa nguvu, kuwekea wagonjwa mikono, yote haya yana mizizi katika Maandiko. Aache bei, vitisho na uongo. Na yule aliyeamua kubaki kule ili asahihishe kutoka ndani, tusimhukumu. Kama viongozi wake wanakubali kupimwa, Mungu anaweza kumtumia.

Mwishowe tujipime wenyewe. Je, matoleo yetu yanasomwa mbele ya washirika? Je, mshirika wetu anaweza kumuuliza mchungaji swali bila kutengwa? Je, mgonjwa wetu akilala wiki mbili, kuna anayejua? Kama jibu ni hapana, tusishangae watu wakitafuta mlango mwingine.

Dada yangu leo anatembea na mguu wa bandia. Kila siku ya Mungu anakuja kanisani, na kila asubuhi anapima sukari yake na kutumia dawa yake akisha kusali. Nilipomuomba msamaha, miaka miwili ilikuwa imepita. Aliniambia: «Mimi sikumlaumu Mungu. Nilingoja tu mmoja wenu akuje kusema tulikosea.» Wapendwa, kuna wengi wanaongoja neno hilo. Wengine wako kwenye benchi ya nyuma ya kanisa lako. Baada ya ibada, usiwaache watoke bila salamu.